Vichupa kumi vya Vallejo Model Color, paleti ya unyevu na jioni za mbele ya runinga

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia vichupa kumi vya rangi za Vallejo Model Color kupaka visanamu vya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, kila kimoja kikiwa na kimo cha pingili ya juu ya kidole gumba, na karibu kazi yote hiyo nimeifanya sebuleni, runinga ikiwa imewashwa, baada ya siku nzima ya kazi ya uhasibu katika ofisi moja ya Posta, Dar es Salaam. Nayaeleza hayo mwanzoni kwa sababu tathmini nyingi za rangi hizi nilizozisoma zimeandikwa na watu wenye chumba maalumu, meza isiyoguswa na mtu mwingine, na saa tatu au nne za utulivu mfululizo. Mimi ninatoka ofisini saa kumi na moja jioni, ninafika Kimara saa moja kasoro, na baada ya chakula na madaftari ya watoto hubaki na saa moja, mara chache saa moja na nusu, kabla macho hayajakataa. Kwa hiyo nilichotaka kukijua ni kama rangi hizi zinamfaa mtu ambaye nafasi yake huja vipande vipande. Zinamfaa sana, lakini nusu ya sifa hiyo haiko ndani ya kichupa. Iko katika chombo unachozidondoshea.

Ofisi yetu iko mwendo wa dakika chache kutoka Sanamu ya Askari katika Barabara ya Samora. Sanamu hiyo ya shaba, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa askari wa Kiafrika na wapagazi waliotumika katika vita ile, imesimama mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa Wajerumani, ambayo Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Nimepita mbele yake asubuhi na jioni tangu nilipoajiriwa, na kwa miaka mingi niliiona kama mtu anavyoiona nguzo ya umeme. Siku niliyopokea visanamu vyangu vya kwanza ndipo niliposimama kuitazama kwa makini: mikunjo ya nguo kwenye kiwiko, namna uzito wa mwili unavyoegemea mguu wa mbele, namna mikono inavyoishika bunduki yenye singe. Shaba inaweza kukufundisha mambo hayo yote. Kitu isichoweza kukufundisha ni rangi, na hapo ndipo safari yangu ya vichupa ilipoanza.

Visanamu vyenyewe ni vya metali, vya kipimo ambacho wapenzi wa fani hii hukiita milimita 28, yaani umbali wa takriban kutoka wayo hadi macho. Mdogo wangu anayeishi Uingereza ndiye aliyeninunulia. Kule, hasa mji wa Nottingham na vitongoji vyake, kuna mkusanyiko wa watengenezaji wa visanamu; Games Workshop, watengenezaji wa michezo ya vita ya mezani, wana makao yao makuu hapo, na jina la Citadel, la visanamu na rangi zao, ambalo wapakaji wengi duniani walianzia nalo, limekuwapo tangu mwaka 1979. Wengi wao hutengeneza mashujaa na majini ya kubuni. Mimi nilitaka watu waliopita katika ardhi hii, na bahati nzuri wapo watengenezaji wanaouza askari wa kikosi cha Wajerumani, cha Schutztruppe, na askari wa King's African Rifles wa upande wa Waingereza. Nilianza na kundi la askari wanane.

Sasa rangi. Acrylicos Vallejo ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1965 na Amadeo Vallejo huko New Jersey, Marekani, kisha ikahamia Hispania mwaka 1969, na mpaka leo iko katika jimbo la Barcelona. Mkusanyiko wa Model Color una rangi zaidi ya 200, zote za akriliki inayopunguzwa kwa maji, na nyingi zake hazing'ai zikikauka. Namba ya kila kichupa huanza na 70, na hiyo namba ni ya muhimu kuliko jina, kwa sababu majina hufanana na kubadilika kutoka lugha hadi lugha lakini namba hubaki ileile. Mimi ni mhasibu, na mpangilio wa namba ulinivutia kabla rangi zenyewe hazijanivutia. Nilichagua kumi: 70.988 ambayo ni kaki, 70.921 iitwayo English Uniform, ya kaki iliyokolea, 70.976 Buff, ya kaki iliyopauka, 70.822 ya hudhurungi iliyokaribia nyeusi, 70.846 Mahogany Brown, 70.940 Saddle Brown, 70.899 Dark Prussian Blue, 70.801 ya shaba ya njano, na nyeusi na nyeupe za kawaida.

Vichupa vyangu ni vya mililita 17 na vina mdomo mwembamba wa kudondoshea, na kwa mtu wa hali yangu mdomo huo ni jambo kubwa. Rangi ya mkebe wa kufunua huhitaji uchote kwa brashi au kijiti. Ukiufungua mkebe huo kwenye kochi, karibu na mtoto anayekimbia, umejitakia msiba wa zulia. Kichupa cha kudondosha hufunguka kwa sekunde mbili, hutoa tone moja au mawili, hufungwa, na hurudi kwenye kopo la kahawa ninamovihifadhi vyote. Tone moja ni kama sehemu ya ishirini ya mililita, kwa hiyo kichupa kimoja kina matone yapatayo 340. Kwa bei ya karibu pauni 3, ambayo kwa fedha yetu ni kama shilingi elfu kumi, kila tone linagharimu takriban shilingi 30. Askari mmoja, kuanzia kofia mpaka nyayo, hutumia kwangu matone ishirini hadi ishirini na matano, yaani kama shilingi 700 za rangi. Nimeifanya hesabu hii kwa makini kwa sababu jambo la kwanza ambalo wenzangu ofisini huniuliza ni gharama, na jibu la kweli ni kwamba rangi si ghali. Ghali ni kuifikisha hapa.

Kabla ya rangi kuna praima. Metali tupu haishiki akriliki, na rangi itabanduka kwa kushikwashikwa tu. Wapakaji wengi wa Ulaya hutumia praima ya kopo la kupuliza, lakini hewa ya Dar es Salaam ina unyevunyevu mwingi, na praima ya kupuliza katika hewa ya namna hiyo inaweza kukauka ikiwa na punjepunje au ukungu mweupe unaoziba sura ya kisanamu. Mimi hutumia praima ya kijivu ya Vallejo hao hao, namba 74.601, ninayoipaka kwa brashi pana katika tabaka mbili nyembamba siku ya Jumamosi asubuhi na kuiacha ikae mpaka Jumapili. Haina harufu kali na hailazimishi watoto kutoka nje.

Tatizo kubwa la kupaka rangi katika mji huu ni joto na pangaboi. Akriliki hukauka kwa maji kuondoka: chembe ndogo za plastiki zilizokuwa zikielea ndani ya maji hukaribiana, hushikana na kuwa utando, na utando huo ukishajifunga haufunguki tena kwa kuongeza maji. Kwenye kisanamu hilo ndilo tunalolitaka. Kwenye sahani ni hasara. Katika wiki zangu mbili za kwanza nilitumia kisahani cha udongo cha chai, na chini ya pangaboi tone la kaki lilikuwa limeota ngozi kabla sijamaliza shati la askari wa pili. Nikizima pangaboi, familia nzima inatoka jasho kwa ajili ya burudani yangu, na hilo si haki. Zaidi ya hayo, rangi niliyoichanganya leo kwa uangalifu haikuwa na kesho; jioni iliyofuata nilianza upya kutafuta ule mchanganyiko, na robo nzima ya muda wangu ilikwisha kabla brashi haijagusa kisanamu.

Dawa yake ni paleti ya unyevu. Zipo za kununua zilizotengenezwa vizuri, zenye kifuniko kinachobana na sponji iliyokatwa kwa kipimo, lakini niliyoitathmini hapa ni ile niliyoitengeneza mwenyewe kwa vitu vya Kariakoo: chombo bapa cha plastiki cha kuhifadhia chakula chenye kifuniko cha kubana, sponji nyembamba ya kufutia meza, na karatasi ya kuokea keki. Sponji inakatwa itoshee chini ya chombo, inaloweshwa mpaka maji yaonekane ukingoni ukiibonyeza kwa kidole, kisha karatasi inalazwa juu na kusuguliwa kwa kiganja ili mapovu ya hewa yatoke. Maji hupanda taratibu kupitia sponji na kupenya karatasi kidogo kidogo, yakijaza pengo la yale yanayopotea hewani, na rangi hukaa hai juu yake. Karatasi ndiyo siri. Niliyoijaribu kwanza ilikuwa karatasi ya nta ya kufungia sandwichi, na hiyo hairuhusu maji kupita kabisa; matone yalikauka juu yake kama kwenye kisahani. Karatasi ya kuokea hupitisha kiasi kinachofaa. Karatasi ya kawaida ya ofisini hupitisha kupita kiasi, huvimba, na nyuzi zake huingia ndani ya rangi.

Kipimo cha maji kinahitaji kujifunza. Maji yakizidi, tone hutanuka lenyewe na kuwa kama chai; yakipungua, kingo za tone hukauka na vipande vya utando hubebwa na brashi mpaka usoni pa askari. Baada ya mwezi mmoja nilizoea kumwaga maji yote yanayotembea nikiinamisha chombo, na kubakiza yale tu yaliyomo ndani ya sponji. Natumia maji yaliyochemshwa na kupozwa, na kila Jumamosi naifua sponji kwa sabuni na kuianika juani, kwa maana katika joto hili sponji iliyoachwa na maji yaleyale kwa wiki mbili huota ukungu na kunuka.

Baina ya jioni moja na nyingine chombo hukaa kwenye friji. Mama, ambaye anaishi nasi, alikikuta siku ya pili tu.

"Mwanangu!"

"Abee, mama."

"Hiki kilicho karibu na mchuzi wa samaki ni chakula cha nani?"

Tangu siku hiyo kifuniko kina utepe mwekundu na maandishi makubwa, na chombo kimepewa nafasi yake kwenye mlango wa friji, mbali na vyakula. Namshauri yeyote mwenye watoto asisubiri kuulizwa.

Nimefika kwenye runinga, ambayo kwa wapakaji wengi huhesabiwa kuwa adui wa kazi hii. Naamini wanakosea, ila runinga inataka kuchaguliwa kwa sikio. Nyumbani kwetu huwashwa kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku na huzimwa karibu saa nne, na mimi sikai chumba kingine. Nakaa mwisho wa kochi, stuli mbele yangu, taa ndogo yenye mwanga mweupe imeinamishwa chini ili isiakisi kwenye kioo cha runinga. Taarifa ya habari inafaa sana kwa kupaka, kwa sababu karibu yote husemwa, na picha huongeza kidogo tu. Mpira nao unafaa kuliko nilivyotarajia: mtangazaji hupandisha sauti kabla ya hatari, nami nainua macho, naitazama marudio, naendelea. Mechi ya Simba na Yanga ni tofauti, na siku hiyo brashi hubaki kwenye kopo. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo mama hazikosi, zimenifanya niwajue wahusika wote kwa sauti bila kujua sura zao. Siku nilipomwona kwa mara ya kwanza yule mama mkwe ambaye nilikuwa nikimsikia kwa wiki sita, nilishangaa kuona ni kijana kuliko nilivyodhani. Kinachoharibu kazi ni filamu zenye maandishi ya tafsiri chini ya picha. Macho hayawezi kusoma huko na kuufuata mkanda wa bunduki wenye upana wa nusu milimita huku, na kila nilipojaribu nilimaliza jioni bila filamu na bila mkanda.

Kwa hiyo nimegawa kazi kulingana na kinachoonyeshwa. Tabaka za mwanzo za kaki, buti, shina la bunduki na kitako cha kisanamu huenda na mpira au tamthilia. Vifungo, nyuso na kingo za nguo husubiri habari za biashara, au zile dakika ishirini baada ya runinga kuzimwa. Mpango huu hauwezekani bila paleti ya unyevu, kwa sababu ndiyo inayoniruhusu kuacha katikati mtoto anapolia usingizini, nikarudi baada ya robo saa na kuikuta rangi kama nilivyoiacha. Kwenye kisahani, kila mara nilipoinuka nilikuwa nimetupa matone sita.

Sare ya askari wa Schutztruppe ni ya kaki, kofia ya tarbushi ikiwa imevikwa kitambaa cha kaki, na vitambaa vya bluu vilivyozungushwa kwenye miguu kutoka kifundo hadi chini ya goti. Naanza na 70.988 peke yake, tabaka mbili nyembamba. Kisha naichanganya na English Uniform kwa ajili ya kivuli cha mikunjo, na pale mwanga unapogonga, mabegani na magotini, naiongezea Buff. Hapa Model Color huonyesha ubora wake: chembe za rangi ni laini na nyingi, hivyo tabaka lililopunguzwa kwa maji ya paleti bado hufunika bila kuacha madoa, na haling'ai. Lakini kichupa ni lazima kitikiswe kwa dhati, si mara mbili tatu. Rangi ikilala, chembe huzama na kimiminika cha kuzibeba hupanda juu. Ukidondosha bila kutikisa, kinachotoka kwanza ni kimiminika hicho kitupu, na kitakauka kikiwa na mng'ao ambao haumo katika tabia ya rangi hii. Wapakaji wazoefu hutia gololi ndogo ya chuma kisichoshika kutu ndani ya kila kichupa. Nami nimefanya hivyo, na ule mlio wake umekuwa ishara ya jioni nyumbani kwetu.

Ngozi ndiyo sehemu niliyoifikiria zaidi kuliko nyingine yoyote. Katika fani hii kwa jumla, mapishi ya rangi ya ngozi yaliyozoeleka yameandikwa kwa ajili ya nyuso za Wazungu, na anayetafuta namna ya kumpaka Mnyamwezi, Msudani au Mmanyema mara nyingi huambiwa tu apake hudhurungi na kuichanganya na nyeupe penye mwanga. Nilijaribu hivyo kwa askari wawili wa kwanza. Mama aliinama, akavaa miwani yake, akamtazama mmoja kwa muda.

"Mwanangu, huyu amepauka. Mpake mafuta."

Alikuwa amesema kweli kabisa, na kwa neno ambalo sikulikuta katika maelekezo yoyote. Nyeupe ikiingizwa kwenye hudhurungi ya giza hutoa rangi ya majivu, kama miguu ya mtoto aliyetoka kuoga bila kupakwa mafuta. Ngozi nyeusi yenye afya haielekei kwenye nyeupe penye mwanga. Huelekea kwenye wekundu na dhahabu, na penye mng'ao wa jasho huwa na ubaridi wa anga. Sasa naanza na 70.822, naacha hiyo ionekane chini ya kidevu, kwenye kope na kati ya vidole. Juu yake naweka Mahogany Brown katika tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia. Kisha Saddle Brown kwenye mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini na vifundo vya vidole. Nyeupe haigusi. Mwisho kabisa, kwa askari aliyechoka au aliye juani, tone la bluu ya Prussia lililopunguzwa kwa maji mengi linapita kwenye kipaji chini ya kofia. Wote wanane nimewapa vivuli tofauti kwa kubadilisha vipimo vya rangi hizohizo tatu, kwa maana kikosi kile kilikusanya watu wa makabila mengi na wasingeweza kufanana wote kama sahani za seti moja. Vipimo vyote nimeviandika kwenye daftari kwa namba za vichupa, matone kwa matone, kama ninavyoandika vocha. Bila kumbukumbu hiyo, rangi uliyoipata kwa bahati mwezi wa tatu huwezi kuipata tena mwezi wa sita.

Mwisho wa mwezi ulikuwa mtihani wa kweli wa mpangilio huu. Tunapofunga hesabu, na hasa wakaguzi wanapokuwa jengoni, natoka ofisini saa mbili au saa tatu usiku na siwezi hata kuiona brashi. Katika ufungaji mmoja paleti ilikaa kwenye friji siku tano bila kufunguliwa. Nilipoifungua, kaki na hudhurungi zote tatu zilikuwa laini na tayari kutumika baada ya kukorogwa kwa brashi kuukuu. Nyeupe ilikuwa imekuwa nyembamba na kuchuja pembeni. Na rangi ya shaba, ambayo kwa ujinga wa mwanzoni niliiweka humo pamoja na nyingine, ilikuwa imeachana na maji yake na kusambaza vumbi linalometameta katika kaki nzima. Rangi za metali haziwekwi kwenye paleti ya unyevu. Nazidondosha kwenye kifuniko cha chupa ya maji, tone moja kwa wakati mmoja, nazitumia kwa haraka.

Kuhusu upatikanaji, mimi sijakuta duka jijini linaloziweka rangi hizi rafuni, ingawa Kariakoo nimepata brashi za kuridhisha za nyuzi za sintetiki, namba 1 na namba 0, ambazo hudumu miezi miwili kabla ncha haijajikunja. Mzigo wangu wa kwanza ulipitia kwa wakala mmoja wa mizigo. Ulichukua wiki tano zaidi ya ahadi, na vichupa viwili vilifika vimevuja ndani ya mfuko. Mzigo wa pili uliletwa na ndugu aliyekuwa akisafiri. Rangi hizi ni za maji na hazishiki moto, kwa hiyo zinaweza kusafiri katika begi kubwa bila shida, zikiwa zimefungwa kwa mfuko wa plastiki mara mbili na vifuniko vimekazwa. Kwa anayeanza ningeshauri asinunue seti kubwa. Uwingi wa rangi zaidi ya 200 unaleta kizunguzungu, na vichupa kumi vilivyochaguliwa kwa kazi moja vinatosha mwaka mzima. Kwa hesabu yangu, baada ya askari wanane na vitako vyao, kichupa cha kaki bado kimejaa zaidi ya nusu. Kwa anayetaka kumaliza jeshi la visanamu mia kwa mwezi, Model Color si njia ya mkato, na pengine aangalie rangi za tabaka moja zinazojikusanyia kivuli zenyewe. Kwa mtu wa jioni moja moja, mwenye hamu ya kumtazama kila askari usoni, sijaona sababu ya kuhama.

Kundi la kwanza lilipokamilika niliwapanga juu ya kabati la runinga. Mama aliwahesabu, akauliza wenye mizigo wako wapi. Nilimweleza kwamba hawa ni wapiganaji. Akasema babu yake alichukuliwa katika vita hiyo kutoka Unyamwezi, wala hakushika bunduki hata siku moja. Alibeba sanduku kichwani, na ndugu yake aliyekuwa nyuma yake njiani hakurudi. Nilijua, kama wengi wanavyojua, kwamba jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi pale, na kwamba mamia ya maelfu ya watu walibebeshwa mizigo katika vita hiyo mpaka ilipokwisha Novemba 1918. Lakini nilikuwa nimenunua sponji yangu Kariakoo na kurudi nyumbani kupaka bunduki tu.

Wapagazi sita wamefika mwezi uliopita na wamekwisha kupakwa praima. Nguo zao si za kaki. Merikani, ile pamba nene isiyopaushwa, nimeipata kwa Buff na nyeupe kidogo, na kivuli cha tone moja la English Uniform. Kaniki imenisumbua zaidi, kwa sababu si nyeusi na si bluu, na ikifuliwa sana hugeuka kijivu chenye kumbukumbu ya bluu. Juzi, wakati wa taarifa ya habari, nilimwonyesha mama michanganyiko mitatu ya Dark Prussian Blue na nyeusi kwenye kipande cha karatasi. Aliikataa miwili, akaiwekea kidole ya tatu: matone manne ya bluu, tone moja la nyeusi, na chembe ya Buff kwenye mikunjo. Iko kwenye mlango wa friji sasa hivi, chini ya utepe mwekundu, ikisubiri niitoe kesho usiku.